Historia mbadala: dola la Kikristo lenye msimamo mkali lingeweza kutokea zama hizi? Nasema ndiyo, ila siyo Marekani

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi mrefu, asiye na muda apite tu, na naomba mapema tusiletane udini humu maana mods wataufunga kabla hata hatujafika popote.

Juzi kijiweni tulikuwa tunabishana kuhusu haya mambo ya "ingekuwaje kama", jamaa mmoja akasema kama ingetokea nchi ya kisasa inayoendeshwa kwa Biblia mwanzo mwisho, basi ingekuwa Marekani, hakuna kwingine. Nimeona na watu wengi wanaotunga hizi stori wanafanya hivyohivyo, wanamuweka mchungaji mwenye suti pale Washington, wanafuta katiba, wanawake wanavalishwa magauni marefu, basi kazi imeisha. Mimi nikasema kaka, Marekani ndiyo pagumu kuliko sehemu zote ulizowahi kufikiria.

Kwanza tuelewane. Simaanishi nchi yenye Wakristo wengi wala rais anayepiga picha kanisani. Namaanisha nchi ambayo sheria inatolewa kwenye maandiko, cheo unapata kwa kigezo cha imani, na ukivunja andiko anakuja polisi, siyo mzee wa kanisa.

Sasa kwa nini siyo Marekani. Watu wanadhani ukuta kati ya kanisa na serikali kule ulijengwa na wasomi wasioamini Mungu. Hapana. Mwaka 1801 Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, ndio walimwandikia Rais Jefferson kulalamika, naye akawajibu 1802 na yale maneno ya ukuta wa kutenganisha. Walilalamikia nini? Connecticut ilikuwa na kanisa lake la serikali, la Wakongrigesho, na hao Wabaptisti walionekana kama wapangaji kwenye nchi yao wenyewe. Yaani walioomba ukuta ni walokole wa wakati huo! Connecticut imeachana na kanisa la serikali 1818, Massachusetts 1833. Kwa hiyo ukitaka kuwaunganisha Wamarekani chini ya Biblia, adui yako wa kwanza siyo mpagani, ni mlokole wa kanisa la jirani anayekuuliza Biblia hiyo kwa tafsiri ya nani.

Na hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Niwape mfano wa nyumbani.

Bibi mzaa mama alikuwa Msabato wa kweli kweli, Ijumaa jua likianza kushuka sufuria zimeshaoshwa, mkaa umezimwa, redio imefunikwa kitambaa. Mjomba yeye alioa kwa Walutheri, na harusi si mnajua, Jumamosi. Ukumbi umelipiwa, kamati imeshachangisha, kadi zimetoka. Bibi hakugomba hata kidogo. Siku ya harusi ya mwanaye wa kwanza alikaa chini ya mwembe na Biblia yake mpaka jua likazama, ndipo akavaa kanga mpya akaja ukumbini, amekuta pilau limebaki ukoko. Akakaa akala ukoko, akacheza mpaka usiku wa manane. Hakuna aliyekasirika kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumlazimisha mwenzake. Sasa wewe chukua ukoo wetu uupe jeshi na magereza halafu waambie watunge sheria ya siku ya Bwana, uone kama tutafika jioni.

Mnacheka, ila hili limetokea. Fiji, visiwa vya Pasifiki, 1987. Tarehe 14 Mei luteni kanali Sitiveni Rabuka aliingia bungeni na askari waliofunika nyuso akaipindua serikali iliyokuwa imeingia kwa kura za Wahindi wengi. Huyu Rabuka ni mhubiri mlei wa Kimethodisti. Septemba akapindua tena mara ya pili, na mwaka huohuo ikatoka amri ya Jumapili: hakuna biashara, hakuna michezo, hakuna usafiri wa umma. Kumbuka karibu nusu ya wananchi walikuwa wenye asili ya India, Wahindu na Waislamu, ambao Jumapili kwao ni siku kama Jumanne tu. Mama mgonjwa unataka kumpeleka mahali, basi hakuna, askari yuko barabarani.

Halafu cha kushangaza, amri ilipoanza kulegezwa, waumini wenyewe wakaenda kuweka vizuizi barabarani pale Suva mwishoni mwa 1988 kuigomea serikali ya mlokole mwenzao kwamba imepoa! Na kanisa la Methodisti lenyewe likapasuka juu kwa juu, kuna viongozi waliopinga mapinduzi na kuna waliotaka mengine zaidi.

Kwenye historia mbadala lazima uonyeshe kona, siku gani, nani alifanya tofauti. Kona yangu mimi ni Guatemala, tarehe 8 Agosti 1983.

Jenerali Efraín Ríos Montt aliingia kwa mapinduzi ya Machi 1982. Alikuwa ameokoka kwenye kanisa dogo lenye mizizi California, na akaja nao Ikulu, wazee wa kanisa lake wakawa washauri wake. Jumapili anakaa kwenye tivii anahubiria taifa zima, ndoa, ulevi, utii, baba akae vipi nyumbani. Watumishi wa umma wakapewa kiapo cha mambo matatu: siibi, sidanganyi, sinyanyasi. Wakati huohuo huko milimani jeshi lake linachoma vijiji vya Wamaya, 2013 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari ya Waixil 1,771, kifungo cha miaka 80, siku kumi baadaye mahakama ya katiba ikaifuta hukumu. Alikufa 2018 kesi ikiwa haijafika mwisho. Siibi sidanganyi sinyanyasi. Haya.

Alidumu miezi 17 tu. Waziri wake wa ulinzi Mejía Víctores alimpindua, na sababu mojawapo jeshi ililoitoa hadharani ni kwamba kuna kikundi cha watu wa dini wenye msimamo mkali wanatumia Ikulu kwa faida yao. Sababu nyingine ni kodi mpya, wenye pesa walikuwa wamechoka. Sasa geuza kona. Tuseme yale mapinduzi ya Agosti yamefeli, Mejía Víctores amekamatwa, maafisa wenye mashaka wamestaafishwa na nafasi zao wamepewa waliookoka. Hapo una jeshi, una adui wa kikomunisti wa kuwatisha watu, una mhubiri mwenye tivii ya taifa, na una vijiji ambavyo mtu anajua akionekana na katekista wa Kikatoliki anaweza kufa. Hiyo naiona inafika mpaka 1990 bila shida.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

#2

Nakaa hapa na karanga zangu za mia tano nisubiri povu. Ila bibi kula ukoko imeniua 😂

#3

Mkuu umeandika vizuri ila umekosea kitu kikubwa. Ukristo hauna sheria ya dola. Iran ya 1979 iliwezekana kwa sababu kulikuwa na fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, iliyoandikwa karne na karne, mirathi, jinai, mikataba, kuna mtu amesomea hiyo kazi Qom, mji wao wa vyuo vya dini, miaka ishirini, ukimkabidhi nchi kesho asubuhi anajua aanzie wapi. Kwenye Injili kuna nini? Vya Kaisari mpeni Kaisari. Mwanamke amefumaniwa, wameshashika mawe, Yesu anainama anaandika mchangani. Hapo utatunga kifungu gani cha adhabu? Dola la msimamo mkali la Kikristo litakuwa tu udikteta wa kawaida uliopakwa maji ya baraka.

#4 (mleta uzi)

#3 hoja yako nzuri na ndiyo nilikuwa naisubiri. Ila waliotaka sheria hawakwenda kuitafuta kwenye Injili, walirudi nyuma, kwa Musa. Massachusetts mwaka 1641 walitoa orodha ya makosa ya kunyongwa na pembeni ya kila kosa wameandika aya, Kutoka sura fulani, Kumbukumbu la Torati sura fulani, Mambo ya Walawi. Kuabudu miungu mingine, uchawi, uzinzi, kifo. Na kura anapiga aliyekubaliwa kanisani tu. Jirani zao New Haven wakaenda mbali zaidi, wakaondoa kabisa ule utaratibu wa raia kumi na wawili kukaa kusikiliza kesi, kisa haumo kwenye torati ya Musa! Yaani jambo ambalo Mwingereza yeyote aliliona haki yake ya kuzaliwa, wao wakasema mbona Musa hakuwa nalo.

Kwa hiyo malighafi ipo. Unachosema sahihi ni kwamba hakuna Qom, hakuna chuo kimoja ambacho wote wanakubali kuwa hicho ndicho chenye neno la mwisho. Wakatoliki wanacho, lakini kwa hao wanaitwa wenye msimamo mkali wa Biblia Roma ndiyo Babeli yenyewe.

#5

Mleta mada naona umepita mbali wakati jibu liko China na ni kubwa kuliko Fiji mara elfu. Taiping, uasi wa Kikristo wa karne ya 19. Kiongozi wao Hong Xiuquan, kijana wa kijijini, amefeli mtihani wa serikali mara nne, baada ya kufeli mara ya tatu akaugua homa akaona maono, miaka kadhaa baadaye akasoma vijitabu vya wamisionari akajielewa kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Siyo mfuasi, MDOGO WAKE, damu moja. 1851 akatangaza Ufalme wa Mbinguni, 1853 wakaichukua Nanjing, wakaishika mpaka 1864. Kasumba marufuku, pombe marufuku, kufunga wanawake miguu marufuku, wanaume na wanawake mitaa tofauti hata kama ni mke na mume. Mitihani ya serikali ikawa inatoka kwenye Biblia. Waliokufa kwenye vita ile wanakadiriwa milioni 20 mpaka 30.

Na sasa sikiliza ile hoja yako ya nani mwenye neno la mwisho. Kulikuwa na kamanda anaitwa Yang Xiuqing, yeye akawa anapandwa na Mungu Baba mwenyewe, anaongea kwa sauti ya Baba. Siku moja mwaka 1853 "Baba" akashuka, akaamuru Hong achapwe viboko 40 kwa jinsi anavyowatendea wanawake wa ikulu. Mfalme akalala chini achapwe! Angefanyaje, amesema ni mtoto wa Mungu na Mungu ndiye huyu anaongea hapa. Baba akamsamehe hapohapo. 1856 Yang akauawa na ukoo wake na maelfu ya watu wake, na tangu hapo Taiping haikunyanyuka tena vizuri.

Kona yangu mimi: 1853 baada ya Nanjing wangepeleka jeshi lote Beijing badala ya kile kikosi walichotuma kikafika karibu na Tianjin, kikarudishwa nyuma na kuangamizwa. Naona dola la Kikristo la kichina linafika karne ya 20.

#6

#5 na unajua mmoja wa waliosaidia kuwamaliza hao Taiping ni yule Gordon, Mwingereza, ndiye huyohuyo aliyekuja kuuawa Khartoum 1885 na watu wa Mahdi, kiongozi wa Kiislamu wa Sudan. Mtu mmoja kapigana na dola la mdogo wake Yesu halafu akafia kwa dola la Mahdi. Haya maisha haya.

#7

Mimi niko Tunduma nafanya biashara navuka Nakonde karibu kila siku, na nashangaa mmeenda mpaka China wakati jirani yetu Zambia ni taifa la Kikristo kwa katiba. Rais Chiluba alitangaza tarehe 29 Desemba 1991, kakaa madarakani miezi miwili hata haijaisha, amesimama pale Ikulu akaikabidhi Zambia kwa Yesu. 1996 ikaingia kwenye utangulizi wa katiba. Kuna sikukuu ya maombi kila 18 Oktoba, ofisi zinafungwa, ukiwa na mzigo wa forodha siku hiyo imekula kwako. Wakawa mpaka na wizara ya dini tangu 2016, imekuja kufutwa 2021.

Sasa nenda Nakonde jioni mkanitafutie huo msimamo mkali. Bia zipo, muziki upo, Wasomali wana maduka yao na msikiti uko pale, hakuna mtu anakuuliza. Kwa nini? Nadhani ni hivi: Chiluba alipotangaza hakuwauliza Wakatoliki wala baraza la makanisa ya zamani, wakanuna toka siku ya kwanza. Na 2001 alipotaka muhula wa tatu, waliomzuia mstari wa mbele ni makanisa hayohayo pamoja na wanasheria na akina mama. Taifa la Kikristo limemkataa aliyeliita la Kikristo. Baadaye 2007 jaji wa London akasema jamaa na wenzake wamepiga dola milioni 46. Kwa hiyo mimi nasema dola hilo haliwezi kutokea, linaishia kwenye karatasi.

#8

Niaje wasee, niko Nairobi. Sioni mkiongea kuhusu Uganda na hapo ndio karibu itokee. Alice Lakwena, mama aliyesema anapandwa na roho, 1986 mpaka 87, alitoka Acholi na watu maelfu akafika karibu na Jinja, hiyo ni hapo tu kabla ya Kampala. Wanajipaka mafuta ya moo yaa (ya mti wa shea) ndio risasi zisiingie, mawe wanarusha yageuke guruneti, na sheria zao ishirini, usijifiche nyuma ya mti wala kichuguu wakati wa vita. Mizinga ya Museveni ilimaliza hiyo stori. Alikimbia akaja huku kwetu, akafia kambi ya Dadaab 2007. Sasa mkitaka kona, pea huyo mama bunduki za kutosha na mvua ya wiki mbili barabara ya Jinja. Kony, yule wa waasi wa LRA, alichukua mabaki ya hiyo kitu na tunajua alifanya nini na amri kumi mdomoni.

Na Shakahola huku Kenya msisahau, wafuasi wa mchungaji walifunga mpaka kufa, juu ya miili mia nne na kitu ilifukuliwa. Hiyo haikuhitaji jeshi, ilihitaji msitu na watu wasioulizwa maswali.

#9 (mleta uzi)

Aisee mmenipa kazi. Nianze na wa Tunduma maana ndiye kanigonga pabaya.

Nakubali Zambia ni karatasi, lakini angalia kwa nini ni karatasi: makanisa ni mengi na yote yana nguvu, hakuna linaloweza kulimeza jingine. Hiyo haikanushi hoja yangu, inaibeba. Dola hili halizuiwi na watu kukosa imani, linazuiwa na imani kuwa nyingi. Kwa hiyo ili litokee unatakiwa mahali ambapo dhehebu moja limeshika jeshi, wengine wote ni wanyonge au wanaogopa, na kuna hofu kubwa ya nje. Afrika Kusini walikaribia, D. F. Malan, waziri mkuu wa 1948, alikuwa mchungaji kabisa, aliyekaa madhabahuni, na kanisa lake likatoa aya za kutetea ubaguzi. Lakini pale kilichotawala ni ngozi, Biblia ilibeba mkoba tu. Mzulu mwenye wokovu kuliko Malan bado alihitaji pasi, hati ya kumruhusu kuingia maeneo ya wazungu. Kwangu mimi hilo linawatoa.

Lakwena nampenda kama stori ila sidhani. Jeshi lenye sheria ya kutojificha linashinda vita moja, mbili, halafu linaisha. Kuhusu Taiping #5 umenifundisha, ile ya viboko sikuijua nimecheka mpaka mke kaniuliza nini. Ila swali: kama wangefika Beijing, yule Baba angeacha kumpanda Yang? Mimi naona 1856 ingetokea tu, ila ndani ya kasri kubwa zaidi.

#10

Wamormoni, lile kanisa la Marekani lenye nabii wake, mbona mmewaruka? Brigham Young kule Utah alikuwa nabii na gavana kwa wakati mmoja, mahakama zao, ardhi wanagawa wao, wake wengi, na jangwa katikati yao na serikali. 1857 Marekani ikapeleka jeshi. Ndoa za wake wengi wameziacha kwa tamko la 1890 na 1896 wakapewa jimbo. Kona rahisi kabisa: vita vya wenyewe kwa wenyewe vianze 1857 badala ya 1861, jeshi lisifike Utah. Una nchi pale, dhehebu moja, silaha moja, nabii mmoja. Vigezo vyote vya mleta mada.

#11 (mleta uzi)

#10 daah. Umeshinda wewe kuliko Guatemala yangu. Wametimiza kila kitu, na kibaya zaidi kwangu iko Marekani, kile kichwa cha uzi kimeniumbua. Nitajitetea kwamba walikimbilia pale wakati bado ni ardhi ya Mexico, ila najua ni utetezi wa mtoto aliyekutwa jikoni.

#12

Mleta uzi kwa vile bibi yako alikuwa Msabato nikupe zawadi. Tonga, visiwa vingine vya Pasifiki, katiba ya 1875 inasema Jumapili ni takatifu milele na mkataba ukisainiwa siku hiyo ni batili, na ipo mpaka leo. Wasabato wa kule wanasali Jumapili! Sababu ni kwamba mstari wa tarehe, ule wa kimataifa unaotenganisha siku mbili, umepindishwa kuifuata nchi, wao wanahesabu usingepindishwa hiyo Jumapili ya serikali ni Jumamosi halisi. Kwa hiyo sheria ya Wamethodisti inawalinda Wasabato bila kujua.

Halafu jirani zao Samoa Desemba 2011 serikali ikahama upande wa mstari kwa ajili ya biashara na Australia, ikairuka Ijumaa tarehe 30 nzima nzima, watu wamelala Alhamisi wameamka Jumamosi. Wasabato wakagawanyika palepale, wengine wanafuata kalenda wanasali Jumamosi mpya, wengine wanasema siku ya saba haihamishwi na waziri mkuu, wanasali Jumapili. Na 2017 Samoa ikajiandika taifa la Kikristo.

#13 (mleta uzi)

Sasa bibi yangu angekaa chini ya mwembe siku gani pale?

#14

Zote mbili. Na pilau angelikosa mara mbili.